Sura ya Nne: Umri wa Fedha

Mapema miaka ya 1890, mfanyabiashara wa Vanga aliyefungua mkoba wake jioni angeweza kuhesabu fedha za watawala wanne bila kuinuka kwenye jamvi. Kwanza reale nzito yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki Novemba 1780. Kisha rupia ya India, ikiwa na kichwa cha Victoria. Ya tatu ilikuwa rupia ya kampuni ya Imperial British East Africa, iliyoandikwa Mombasa na mwaka 1888. Ya nne ilitoka upande wa pili wa mpaka, Tanga na kwingineko, ambako Wajerumani walianza kutumia rupia yao mwaka 1890: Kaiser Wilhelm wa Pili kavaa kofia ya vita upande huu, simba na mnazi upande ule.

Rupia hizo tatu hazikuumiza kichwa cha mwenye duka. Uzito wake ulikuwa mmoja, gramu 11.66, na fedha safi asilimia 91.7, kwa kuwa Kampuni na Wajerumani walifuata kipimo cha India ili wasikataliwe sokoni. Reale ilikuwa na gramu 28 na nukta, fedha safi asilimia 83.3, ikabadilishwa kwa rupia mbili na ushee. Mizani ilitosha. Hakuna aliyeuliza sarafu ilipigwa kwa mkono gani, au kama ilikusudiwa soko au sanduku la maonyesho.

Maswali hayo yalikuja baadaye, katika vitabu vinavyoitwa katalogi, vilivyoandikwa mbali na Vanga. Leo ndiyo yanayoamua kama kipande kilekile cha fedha ni cha shilingi elfu chache au cha mamia ya maelfu, na katika Kenya yanaweza kuamua pia kama ni bidhaa au ni turathi ya taifa. Majibu yake, kwa sehemu kubwa, bado yanayumba.

Rupia ya Mombasa ndiyo pa kuanzia, kwa sababu ndiyo iliyozaliwa karibu. Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar aliikodisha kampuni ya William Mackinnon ukanda wa pwani mwaka 1887. Alifariki Machi 1888, na Septemba mwaka huo Kampuni ikapata hati ya kifalme London. Haikuchelewa kuagiza fedha zake. Rupia ilipigwa Birmingham, Uingereza, katika kiwanda cha Ralph Heaton na Wanawe, ambacho kilitia herufi H kwenye kazi yake. Nusu rupia, robo na ana mbili zikafuata zikiwa na mwaka 1890. Pesa za shaba zilitoka pande mbili, Birmingham na Calcutta, na zile za Calcutta zikatiwa C na M. Kufikia 1895 Kampuni ilikuwa imefilisika, serikali ya Uingereza ikatwaa nchi, na fedha ya Mombasa ikabaki yatima kati ya rupia za India zilizokuwa nyingi kupita kiasi.

Kiwanda cha Heaton kilikuwa cha watu binafsi. Kilitafuta kazi kwa wafalme, makampuni na mabenki duniani kote, na mwenye kutafuta kazi huonyesha kazi. Kwa hiyo pamoja na sarafu za soko zilipigwa chache za pigo maalumu, ambazo wakusanyaji huziita prufu. Utaratibu wake ni tofauti. Kipande tupu cha fedha husuguliwa hadi king'ae. Mihuri miwili ya chuma, wa juu na wa chini, nayo husuguliwa. Mashine hushuka polepole na kwa nguvu zaidi, mara nyingi zaidi ya mara moja, ili fedha ijae katika kila mkunjo wa nakshi. Sarafu hutolewa kwa mkono, moja moja, isigongane na wenzake. Matokeo ni uwanja unaoakisi kama kioo, herufi zenye ncha kali, na kingo zilizosimama wima.

Kwa maneno, tofauti hiyo ni wazi. Mkononi si wazi hata kidogo. Muhuri mpya ukianza kazi, sarafu za kwanza za soko nazo hutoka ziking'aa karibu sawa na prufu. Pigo maalumu likiwa limeingia mfukoni mwa mtu, likazunguka Kilindini na Gazi miaka miwili, kioo chake huondoka na linafanana na rupia nyingine yoyote. Hakuna herufi ya siri wala nambari iliyotiwa kuitambulisha. Ushahidi pekee wa nje ungekuwa daftari la kiwanda, na kiwanda cha Birmingham, kilichobadili jina na wenyewe zaidi ya mara moja tangu 1889, kilifunga milango yake mwaka 2003.

Ndiyo maana katika katalogi kubwa ya Marekani iliyoanzishwa na Chester Krause na Clifford Mishler mwaka 1972, ile ambayo kwa miongo mingi ilikuwa msahafu wa wauzaji, safu ya idadi iliyopigwa hujazwa kwa sarafu za soko na mara nyingi huachwa tupu kwa prufu za makoloni za karne ya 19. Nafasi tupu si kosa la uchapaji. Ni ungamo kwamba mwandishi aliona sarafu moja au mbili mnadani, akaamini macho yake, akaandika "prufu" bila daftari la kumuunga mkono. Mnada unaofuata hunukuu katalogi, katalogi inayofuata hunukuu mnada, na baada ya miaka 30 kauli ya mtu mmoja imekuwa jambo linalojulikana na wote.

Makampuni ya kupima ubora yalitarajiwa kumaliza ubishi. Mawili makubwa ya Marekani, PCGS na NGC, yalianza kazi katika nusu ya pili ya miaka ya 1980. Hufungia sarafu katika kasha la plastiki na kuiandikia alama kwa kipimo kinachoishia 70. Kabla ya nambari huweka herufi: MS kwa sarafu ya soko, PR au PF kwa prufu, na SP kwa kile kilicho katikati, yaani pigo ambalo ni zuri mno kuwa la soko lakini halikufikia prufu. Hiyo SP ndiyo kitovu cha mashaka. Ni chumba cha wageni ambamo kila sarafu isiyo na wenyewe hulazwa. Rupia moja ya kikoloni inaweza kupelekwa mara mbili na kurudi na herufi mbili tofauti, na bei ikapanda au kushuka kwa sababu ya herufi hizo, wakati fedha yenyewe haijabadilika.

Upande wa India mambo yana utata mwingine. Viwanda vya Calcutta na Bombay vilihifadhi mihuri ya zamani, na vikakubali maombi ya wakusanyaji waliotaka sarafu za miaka iliyopita. Viliendelea kupiga upya rupia za kale zenye mwaka wa kale hadi ndani ya karne ya 20. Mtaalamu wa Kiingereza Fred Pridmore, aliyeandika vitabu kadhaa kuhusu sarafu za himaya ya Uingereza, alihangaika kutenganisha pigo la asili na pigo la kurudiwa, akitazama nyufa za muhuri, kutu iliyoacha vijipele, na mihuri miwili isiyowahi kukutana siku ile sarafu ilipodaiwa kuzaliwa. Kazi yake inaheshimika mpaka leo. Hata hivyo panapokosekana ufa wala kutu, yeye na waliomfuata walibaki na makisio, na utata huo unaigusa pwani hii, maana rupia ya India ndiyo iliyokuwa fedha yake halali hadi 1920.

Lakini hakuna sarafu iliyowatesa waandishi wa katalogi kama reale.

Maria Theresa alipofariki, wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Ghuba walikuwa wameshaizoea sura yake, na hawakutaka nyingine. Austria ikaendelea kumpiga akiwa na mwaka uleule, 1780, na herufi zilezile S.F. za Schöbl na Faby, maofisa wa kiwanda cha Günzburg. Mwaka 1858 reale ikaacha kuwa fedha halali nyumbani kwake, lakini haikuacha kupigwa. Ilikuwa bidhaa ya kusafirisha nje, kama nguo au shanga. Mnamo 1935 Mussolini, akijiandaa kuvamia Uhabeshi ambako watu waliamini reale kuliko noti yoyote, alichukua mihuri kutoka Austria na kuanza kuzipiga Roma. Waingereza nao wakaanza London mwaka 1936. Paris na Brussels hazikubaki nyuma. Vita vilipowaka, kiwanda cha Bombay kilipiga karibu milioni 19 kati ya 1940 na 1941 kwa ajili ya kampeni ya Uhabeshi, na mojawapo ya majeshi yaliyoingia huko, chini ya Jenerali Alan Cunningham, lilitokea Kenya. Birmingham ikaongeza zake baada ya vita. London iliacha mwaka 1961. Vienna haijaacha, mpaka leo huuza reale mpya za 1780, zikiwemo za pigo maalumu zinazong'aa kama kioo, kwa watalii na wakusanyaji.

Kwa hiyo mwaka ulioandikwa juu ya reale haumwambii mtu lolote kuhusu umri wake. Zimepigwa zaidi ya milioni 300, na zote zina tarehe moja. Anayetaka kujua yake ni ya lini hana budi kuisoma kama mganga anavyosoma ulimi wa mgonjwa: lulu za bruchi kwenye bega la malkia, mpangilio wa manyoya ya mkia wa tai mwenye vichwa viwili, umbo la nukta baada ya X ndogo mwishoni mwa tarehe, na nakshi za ukingoni zinazotenganisha maneno ya Kilatini yasemayo haki na huruma. Walter Hafner aliandika kamusi nzima ya tofauti hizo. Wapokeaji wa Arabuni na Uhabeshi walikuwa wakizihesabu lulu zamani kabla yake, kwa hofu ya kupewa bandia, na jicho lao lilikuwa kali kuliko la wauzaji wengi wa leo.

Huku kusini mwa Mombasa reale zilifika kwa njia mbili. Za mwanzo zilikuja na biashara ya majahazi, ya pembe, ya sandarusi na, kwa miongo ya aibu, ya watu. Wasini, Shimoni, Gazi na Vanga zote zilikuwa katika mtandao huo. Za baadaye zilikuja kama fedha ya kufulia, maana masonara wa pwani walipenda kuyeyusha reale au kuitoboa na kuifanya kidani. Mwisho, zikaja za watalii. Reale inayouzwa leo karibu na hoteli za Diani kama "fedha ya zama za watumwa" inaweza kuwa kweli ilipita Shimoni, au ilitoka Vienna miaka 20 iliyopita. Tarehe ni ileile.

Sasa sheria inaingia. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inaeleza kwamba kitu cha kale ni kitu chochote kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Kitu cha namna hiyo hakiruhusiwi kutoka nchini bila kibali. Mwaka huo haukuokotwa tu. Ndio mwaka Kampuni ilipoondoka na himaya ya Uingereza ikatangazwa, Julai.

Tuweke sarafu mbili mezani mbele ya afisa wa forodha. Rupia ya Mombasa ya 1888 iliyoingia na Kampuni ni kitu cha kale. Hilo halina ubishi. Reale ya 1780 yaweza kuwa kitu cha kale kama ilifika Gazi na jahazi mwaka 1870, na yaweza kuwa si chochote kisheria kama iligongwa Bombay mwaka 1941. Anayeangalia tarehe peke yake ataizuia reale ya Bombay kwa sababu inaonekana ya miaka zaidi ya 200, na pengine ataachia rupia ya 1888 kwa sababu inaonekana "ya juzi". Uainishaji ambao wakusanyaji wanaudhania kuwa mchezo wao, wa lulu na manyoya ya tai, hapa umekuwa kazi ya umma. Makavazi yanahitaji watu wanaojua kusoma ukingo wa reale, na ingefaa wawepo katika bandari na viwanja vya ndege vya pwani, si katika maktaba peke yake.

Ukingo wa medali moja nao unabeba kipande cha historia ya Kwale ambacho wengi hawakijui. Mwaka 1895 Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui wa Gazi, ambaye alikuwa amewasumbua masultani wa Zanzibar kwa miaka mingi, aliingia vitani na Waingereza. Ngome yake ya bara ilikuwa Mwele, katika vilima vya Shimba. Agosti mwaka huo kikosi cha Admirali Harry Rawson kilipanda hadi Mwele na kuiteka. Vita havikuishia hapo. Mbaruk alipigana hadi 1896 ndipo akavuka kwenda kwa Wajerumani. Rawson huyohuyo ndiye aliyepiga mizinga jumba la Sultani Zanzibar Agosti 1896.

Waliokwenda Mwele walipewa medali ya fedha ya East and West Africa. Umbo lake lilikuwa limeazimwa kutoka medali ya vita vya Ashanti vya 1873 na 1874: Victoria upande mmoja, askari wakipigana msituni upande mwingine. Kwa vita vingine vya Afrika, utepe wa medali hiyo ulitiwa pini ya fedha yenye jina la vita. Mwele haikupewa pini. Jina lake na mwaka vilichongwa kwenye ukingo wa medali yenyewe.

Uamuzi huo mdogo wa ofisi umewaacha waandishi wa katalogi mahali pagumu. Pini huonekana kwa mbali. Maandishi ya ukingoni hayaonekani medali ikiwa imelala kisandukuni, hufifia kwa kusuguliwa, na mwenye patasi nzuri anaweza kuyachonga upya. Baadhi ya orodha huiweka Mwele pamoja na pini kana kwamba ni moja yao. Nyingine huitaja katika tanbihi. Nyingine huiona kama medali isiyo na pini na kuishia hapo. Mtu akifuata orodha hizo za mwisho, vita vilivyopiganwa karibu na mashamba ya mihogo ya Kwale vinatoweka kabisa. Hilo haliwezi kuwa jambo dogo. Askari wengi waliopanda vilima vile waliandikwa majina yao kwenye daftari la medali. Watu wa Mwele waliokufa hawakuandikwa humo, na neno lililochongwa kwenye ukingo ni miongoni mwa alama chache za chuma zinazotaja mahali pao.

Tukirudi kwenye prufu, haikuwa lazima mambo yawe hivi. Tanzania ilitoa sarafu za kuhifadhi wanyamapori mwaka 1974, twiga kwenye shilingi 25 na kifaru mweusi kwenye shilingi 50. Ya twiga ilitoka kwa namna mbili: toleo la kawaida la gramu 25.4 lenye nusu fedha, na prufu ya gramu 28.28 yenye fedha asilimia 92.5. Mwenye mizani ya sonara Ukunda anaweza kuzitenganisha kwa dakika moja, hata zikiwa zimechakaa. Waliotengeneza sarafu zile waliandika walichofanya, wakakifanya kionekane kwenye uzito.

Rupia za 1888 hazina msaada huo, kwa hiyo kila kitu kinategemea uso wa sarafu, na uso ndio kitu cha kwanza kuharibika. Hewa ya Msambweni imejaa chumvi. Fedha iliyolala mchangani karibu na maji hufunikwa na gamba la kijivu, na mwenye nyumba kwa nia njema huisugua kwa ndimu, majivu au dawa ya meno mpaka ing'ae. Mng'ao huo mpya ndio unaowadanganya wanunuzi. Rupia ya soko iliyosuguliwa huwa na kioo cha uongo, na muuzaji mjanja huiita prufu. Prufu ya kweli ikisuguliwa, mistari miembamba hutambaa kwenye uwanja wake na hakuna mtaalamu atakayeweza kuapa tena ilikuwa nini. Kwa kitambaa kimoja, mashaka ya katalogi yanageuka kuwa ya milele.

Yapo mambo matano ambayo bado husema kweli hata baada ya kusuguliwa. Uzito, hadi sehemu ya mia ya gramu. Kipenyo. Umbo la ukingo ukiangaliwa kwa lenzi. Kina cha nakshi katika sehemu zilizo juu zaidi, kwani mashine iliyoshuka mara mbili hujaza pale ambapo pigo moja huacha laini. Na la tano ni lile ambalo katalogi za Ulaya na Marekani hazina safu yake: sarafu ilikuwa kwa nani, na ilifikaje kwake. Rupia ya Kampuni iliyokaa katika ukoo mmoja wa Gazi tangu siku za Mbaruk ina ushahidi ambao kasha la plastiki haliwezi kuutoa, hata ikiwa imechakaa na haistahili herufi yoyote zaidi ya zile za soko. Bibi anayekumbuka kidani kilitoka kwa mama yake, na mama yake alikipata Vanga kwa mahari, anatoa maelezo ya aina ambayo Pridmore angeyalipia.

Maelezo hayo yanaandikika. Picha mbili za uso na moja ya ukingo, uzito, jina la kijiji, na masimulizi ya mwenye nayo kwa maneno yake, yakahifadhiwa na Makavazi huko Fort Jesus, yangetosha kuanzisha orodha ya fedha za Kwale isiyotegemea minada. Orodha kama hiyo ingeweza kujibu swali moja ambalo daftari la Birmingham haliwezi kujibu tena: kama kuna rupia yoyote ya pigo maalumu iliyowahi kuvuka bahari ikafika katika nchi ambayo jina la mji wake liliandikwa juu yake, au kama zote zilibaki katika madroo ya Uingereza. Rupia za kulinganisha zipo, nyingine shingoni mwa watu.